Tailizi za nyumba ya kupangisha, Sakina: boksi 32 zinatosha?

MpangishajiSakina
Habari wakuu. Nyumba ipo Sakina, Arusha. Sakafu ya niru (saruji laini ya juu) imepasuka, nataka kuweka tailizi kabla mpangaji mpya hajaingia. Sebule ni mita 4 kwa 5, vyumba viwili kila kimoja 3 kwa 3.5, korido 1.2 kwa 4. Fundi kasema ninunue boksi 32 za 60x60. Zinatosha? Na kipi kingine nikiweke kwenye bajeti?

FundiKijenge
Hazitoshi mkuu. Eneo lako ni mita za mraba 45.8. Boksi la 60x60 lenye vipande vinne ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo 32 zinafunika sakafu tu, bila za kukata wala za kuvunjika. Ongeza asilimia 10, zinafika 35.

Bado skating, yaani mikanda ya tailizi inayozunguka chini ya kuta. Kuta zako ukitoa milango ni kama mita 50. Kipande kimoja ukikikata kwa upana wa sentimita 10 kinatoa mikanda mitano kamili, yaani mita 3. Hivyo ni vipande 17, boksi 5. Nunua zote 40 siku moja, na soma namba ya toleo na ya rangi ubavuni mwa kila boksi. Zikitofautiana, mpaka utaonekana katikati ya sebule na hauna dawa. Zitakazobaki weka stoo, mpangaji akiangusha mtungi wa gesi utazihitaji.

Gundi: mfuko wa kilo 20 hufunika kama mita 4 za mraba kwa mwiko wa meno ya milimita 10. Weka mifuko 13, pamoja na ya skating.

Mama_Njiro
Mwanangu, anza na hiyo niru. Ni laini mno, gundi haiingii ndani yake. Miezi michache tu tailizi inaachia, ukiigonga inalia kama debe tupu. Itinduliwe kwa tindo nyumba nzima, na inapolia hivyo iondolewe mpaka kwenye jamvi, yaani zege la chini. Hiyo kazi ina malipo yake, na kifusi kinataka kirikuu. Ufa ukiwa umeshuka hadi kwenye jamvi lenyewe, uzibwe kwanza, la sivyo tailizi itapasuka juu ya mstari uleule.

MpangishajiSakina
Asanteni sana. Milango ya vyumba ni ya mbao, wa mbele ni wa chuma.

FundiKijenge
Huo wa chuma ndio wengi huusahau. Tailizi na gundi zinapandisha sakafu kama sentimita 1.5. Ya mbao seremala atakata chini. Wa chuma pima uwazi uliopo. Usipofika sentimita 2, mwite fundi wa kuchomelea kabla tailizi hazijalazwa, maana cheche za grainda zikitua juu yake zinaacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Fundi mlipe kwa mita, si kwa siku, na bakiza sehemu ya hela mpaka ugonge kila kipande kwa sarafu. Na kwa baridi ya Julai, acha siku mbili ndipo grauti ijazwe kwenye nafasi kati ya tailizi.