Saladi ya Kithai ya kukaa friji siku kadhaa: kabeji, papai bichi au tango?

Mboga_Mbichi
Wakuu habarini. Nataka kuandaa saladi ya mtindo wa Kithai, ile ya mboga mbichi zinazolia kwenye meno, nitengeneze mara moja niwe najipakulia tu. Nimebaki na tatu: kabeji na karoti, papai bichi, au tango na karoti. Pia niko mbioni kununua mandolini, ule ubao wenye wembe wa kukatia mboga nyembamba, ila kuna aliyeniambia kinu kinatosha. Ipi inakaa bila kutepeta? Nasubiri majibu yenu ndipo ninunue.

KisuKikali
Mleta mada, umeacha mambo ya msingi. Mnakula wangapi? Siku kadhaa ni mbili au sita? Sosi ni nyepesi ya ndimu na sosi ya samaki, au nzito ya karanga? Kuna mwenye mzio? Friji inashika nyuzi ngapi? Usipojibu hayo, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Wakati tunakusubiri, tango liondoe kwenye msingi wa saladi. Karibu asilimia 95 yake ni maji, na chumvi ya sosi ikiligusa tu linaanza kuyaachia. Lina nafasi, lakini likatwe siku ya kula, tena mbegu zikwanguliwe kwanza.

BiNdimu
Kabeji, bila kuzunguka. Kwa milo minne ya mtu mmoja, au miwili ya watu wawili: kabeji gramu 300, karoti moja kubwa, nusu ya pilipili hoho nyekundu. Kabeji ikatwe upana wa milimita 2 hadi 3. Nyembamba zaidi ya hapo inalegea mapema, nene zaidi sosi haishiki. Loweka kwenye maji ya barafu dakika 15, chuja, kisha kausha kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Maji yaliyobaki kwenye majani huzimua sosi, halafu watu wanadhani sosi haina ladha, wanaongeza chumvi, na chumvi inazidi kutoa maji.

Sosi ya kiasi hicho: juisi ya ndimu vijiko vya chakula 3, sosi ya samaki 2, sukari ya mnazi 2, punje moja ya kitunguu saumu na pilipili kali mbili, vyote vitwangwe. Mlo mmoja unatosha kijiko kimoja na nusu.

KisuKikali
Barafu ni nzuri kwa saladi ya leo. Kwa ya kukaa, mimi nasimama na chumvi: gramu 400 za kabeji iliyokatwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, changanya kwa mkono, acha dakika 30, kamua kwa nguvu. Maji yanayotaka kutoka yanatokea kwenye bakuli kabla sosi haijaingia. Kabeji inapinda lakini bado inakatika kwa mlio. Baada ya hapo punguza sosi ya samaki nusu, la sivyo hailiki.

BiNdimu
Inapinda, mkuu, na ndiyo tofauti yenyewe. Ukiikamua unapata mboga ya kachumbari, ladha yake nzuri, sikatai. Ila mleta mada anataka inayolia. Mboga kavu na sosi vikikaa mbalimbali, hakuna haja ya kukamua chochote.

KinuNaMchi
Mnaruka papai bichi wakati ndilo msingi wa som tam, ile saladi ya Kithai ya papai la kutwangwa, na kwa ugumu nyuzi zake zinaishinda kabeji. Chagua papai la ganda la kijani lote, gumu ukilibonyeza, ukilipasua ndani liwe jeupe na mbegu nyeupe. Likianza rangi ya chungwa ndani, limekwisha kwa kazi hii. Menya, suuza utomvu, chana nyuzi za milimita 3, loweka kwenye maji baridi dakika 10, kausha. Mwenye mzio wa mpira wa asili asilikaribie.

Kuhusu kinu, watu huchanganya. Kutwanga papai ndiko kunakofanya sosi iingie, na ndiko kunakomaliza maisha yake, kwa sababu som tam iliyotwangwa huliwa palepale. Ya kuwekwa akiba, twanga kitunguu saumu, pilipili na sukari tu. Papai libaki kavu kwenye chombo chake, siku ya kula uliponde kidogo pamoja na sosi.

Karanga_Tele
Sosi nyepesi huzama chini ya bakuli. Tengeneza nzito: siagi ya karanga vijiko 3 vya chakula, maji ya moto 2, koroga kwanza mpaka ilainike, ndipo uweke sosi ya soya kijiko kimoja na nusu, ndimu 2, sukari 1, tangawizi iliyokwaruzwa kijiko cha chai. Usishtuke ikiganda mwanzoni. Maji kidogo huifanya iwe nzito kabla hayajaifungua, endelea kuongeza kijiko kimoja kimoja.

KinuNaMchi
Tamu, lakini usiiite ya Kithai. Saladi za kule zinasimama juu ya ndimu, sosi ya samaki, sukari na pilipili. Karanga huwekwa nzimanzima au zimepondwa, hazigeuzwi uji. Hiyo yako iko karibu zaidi na gado-gado, saladi ya Indonesia yenye sosi ya karanga.

BiNdimu
Si kweli moja kwa moja, ndugu. Kuna salat khaek, saladi yenye asili ya Waislamu wa Thailand, na sosi yake ni ya karanga na tui la nazi. Na mleta mada ameandika "mtindo wa", hajasema anafungua mkahawa Bangkok.

ChomboKikavu
Turudi kwenye kukaa, maana hapo ndipo mboga zinapotupwa. Nieleze chombo kimoja kilivyoharibika ili muone kila kosa na kazi yake. Ndani kulikuwa na kabeji nyekundu, karoti, tango, choroko zilizochipua, giligilani na karanga za kukaanga. Sosi yote ikamiminwa siku hiyohiyo, mfuniko ukafungwa.

Kesho yake chini kulikuwa na vidole viwili vya maji, mengi ya tango, na kwenye hayo maji ndiko ndimu na sukari zilikohamia, kwa hiyo juu mboga zilikuwa chapwa. Kabeji nyekundu iliachia rangi kwenye asidi na karoti zikawa za waridi. Giligilani iligeuka rangi ya mzeituni kwa sababu asidi huua ukijani. Karanga zilifyonza maji zikawa laini kama maharage. Siku ya tatu choroko zikaanza utelezi na harufu, na hapo hakuna cha kuokoa, chote kikamwagwa.

Kila kimoja kina dawa yake. Kabeji nyekundu kaa nayo mbali au iweke chombo chake. Majani na tango siku ya kula. Karanga kwenye chupa kavu nje ya friji. Chini ya chombo cha mboga weka karatasi ya jikoni, ibadilishe ikilowa.

KisuKikali
Hizo choroko zilizochipua zisipite hivihivi. Chipukizi huoteshwa kwenye joto na unyevu, mazingira yanayopendwa na bakteria pia. Mlipuko wa bakteria wa E. coli wa Ujerumani mwaka 2011 ulihusishwa na chipukizi za uwatu. Mbichi zisiingie kwenye saladi ya kuweka akiba. Kama unazipenda, zipike, zipoze, zile siku hiyo.

Karanga_Tele
Mkuu umetoka kwenye saladi umeingia hospitali. Watu wanakula chipukizi mbichi kila siku.

KisuKikali
Wanakula, na ni haki yao. Kukaa siku nne kwenye chombo kilichofungwa ni suala jingine.

Mboga_Mbichi
Asanteni wakuu. Tuko wawili, tunataka siku nne. Friji sijapima. Na samahani, sikusema: mwenzangu hali karanga kabisa, ana mzio. Samaki hana shida nao.

ChomboKikavu
Hilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza, ndugu! Basi karanga zisikanyage jiko hilo. Tumia mbegu za maboga, zikaangwe kavu kwa moto mdogo mpaka zianze kurukaruka, zipoe kabisa ndipo zifungwe. Ufuta ni mzuri ila nao una watu unaowadhuru, muulize kwanza. Soma pia maandishi ya pakiti za mbegu, nyingi hufungwa kwenye mashine zilizopitisha karanga.

Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Kipimajoto kiweke ndani ya bilauri ya maji usiku mzima, usisome hewa.

KinuNaMchi
Na kinu usichukue kilichotumika. Cha mti hunywa mafuta ya karanga na hakisafishiki kwa uhakika. Nunua kipya au twanga kwa ubapa wa kisu ubaoni.

BiNdimu
Mandolini kwa watu wawili naona ni kubwa mno. Kisu kikali kinatosha kabeji, na kimenyeo chenye meno kinachana karoti na papai vizuri. Ukiinunua, isiwe isiyo na kishikio cha kulinda vidole. Kikwaruzo cha kawaida kiache, kinaponda chembe za mboga na maji hutoka palepale.

Ndimu kamua siku ya kula. Sosi iliyobaki bila ndimu ikae kwenye chupa ndani ya friji, harufu ya ndimu haivumilii siku nne.

KisuKikali
Au tumia siki ya mchele kwa siku za mwisho, hiyo haibadiliki.

BiNdimu
Siki si ndimu, mkuu.

Mboga_Mbichi
Naelekea kwenye papai sasa, ila papai zima ni kilo na zaidi. Nusu nyingine naifanyia nini?

KinuNaMchi
Usiichane. Funga upande uliokatwa, weka friji, siku mbili tatu baadaye ikate vipande upike kaeng som, ule mchuzi mchachu wa ukwaju na samaki. Papai bichi ni mojawapo ya mboga zake za kawaida, na halivurugiki likichemka.

Karanga_Tele
Au nunua kabeji. Nzima inakaa wiki kadhaa, unabandua majani kutoka nje kadiri unavyokula, hakuna upande uliokatwa wa kugeuka kahawia.