Sungura kijana na sungura mzee: mchuzi, presha, oveni, kukaanga au makaa?

Zamu_ya_Jiko
Wakuu salaam. Naomba ulinganisho wa kueleweka, si "jaribu uone". Kuna sungura wawili wamekwisha chunwa na wamelala kwenye friji tangu jana. Mmoja ni kijana, kilo 1.3, nyama yake imepauka kidogo na kuwa ya waridi. Wa pili ni jike mzee, kilo 2.4, nyama nyekundu zaidi na mafuta manene kuzunguka figo. Walaji ni kumi: wawili wazee wasio na meno imara, watoto watatu, na mtu mzima mmoja mwenye shinikizo la damu. Njia zilizo mezani ni mchuzi wa moto mdogo, sufuria ya presha, oveni, kuchemsha kisha kukaanga, na makaa. Ipi inamfaa yupi, na ipi inalinda lishe?

Kisu_Kikali
Kabla ya kuchagua njia, chagua viungo vya mwili. Watu wengi wanaharibu sungura kwa kumpika mzima kama kuku, kumbe ndani ya mnyama mmoja kuna nyama za aina mbili. Sarara, ile minofu miwili mirefu ya mgongoni, haina mishipa wala ngozi ya kuilinda, na inaiva kwa dakika chache. Mapaja na mikono ya mbele yana tishu ngumu zinazotaka muda. Ukingoja paja lilainike, sarara imeshakuwa pamba. Ukiitoa sarara kwa wakati wake, paja linabaki mpira.

Kwa hiyo: toa ini, figo na moyo kwanza. Inua mkono wa mbele na upitishe kisu chini ya bega. Bega halijaungwa na mwili kwa mfupa, limeshikwa na misuli tu, basi kisu hakigusi kitu kigumu. Paja lifuate kando ya nyonga, likunje kwa nyuma mpaka kichwa cha mfupa kichomoke kwenye kikombe chake, halafu kata hapo. Ondoa vipande vyembamba vya tumbo. Mwisho kata mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho. Usitumie panga. Mifupa ya sungura ni myembamba na ikipigwa inapasuka vipande vyenye ncha, na nyumba yenye watoto na wazee haitaki hilo kwenye mchuzi.

Juu ya sarara kuna utando mweupe unaong'aa. Ingiza ncha ya kisu chini yake, elekeza makali juu kidogo, uvute utando kwa mkono wa pili. Ukiuacha, utajikunja kwenye moto na kuupinda mnofu, upande mmoja uungue na mwingine ubaki mbichi.

Ini likague kwenye mwanga. Alama ya kijani ni nyongo: kata pembeni yake utupe hicho kipande, la sivyo uchungu utaenea sufuria nzima. Ini lenye vinundu vyeupe ni dalili ya ugonjwa wa koksidia, litupe lote.

Lishe_Sahihi
Upande wa lishe, tuanze na namba za gramu 100 za nyama mbichi ya sungura wa kufugwa: kalori 136 hivi, protini gramu 20, mafuta gramu 5.6, kolesteroli miligramu 57, chuma miligramu 1.6, sodiamu miligramu 41 tu. Kinachomtofautisha kweli ni vitamini B12, takriban mikrogramu 7, wakati mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku. Kuku hafiki hata mikrogramu 1. Kwa protini na mafuta, sungura na kuku asiye na ngozi wanakaribiana, kwa hiyo anayesema sungura "ana protini mara mbili ya kuku" anapotosha.

Kosa jingine linalorudiwa ni la namba za nyama iliyopikwa. Utaona imeandikwa protini gramu 30 kwa gramu 100 za sungura wa kuchemsha. Moto haukuongeza protini yoyote. Maji yametoka, nyama imesinyaa, na kilichobaki kimekolea. Ukilinganisha nyama mbili, hakikisha zote ni mbichi au zote zimepikwa kwa njia ileile.

Kuhusu kulinda lishe: vitamini za kundi B huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha na kumwaga maji umemwaga sehemu yake. Mchuzi na presha zinashinda hapa kwa sababu maji yanaliwa. Kukaanga kunaongeza mafuta, na mnyama ambaye sifa yake kubwa ni mafuta machache anakuwa chakula kingine kabisa.

Mwenye shinikizo la damu asipewe nyama iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, maana sodiamu ndogo ya asili inapotea hapo. Mwenye ugonjwa wa figo aangalie fosforasi, miligramu 213 kwa gramu 100, pamoja na kiasi cha protini alichowekewa. Mwenye gauti asidhani ameruhusiwa kwa sababu nyama ni nyeupe: purini, vitu vinavyochochea gauti, zimo. Na ini lina vitamini A nyingi, hivyo mjamzito aliache.

Moto_Mdogo
Jike mzee ni wa mchuzi, sina shaka. Sababu iko kwenye muundo wa nyama. Kolajeni, tishu inayoshika misuli, inaongezeka ugumu kadiri mnyama anavyozeeka. Inageuka jelatini taratibu ikikaa muda mrefu kwenye joto la juu ya nyuzijoto 70 (za Selsiasi, kama joto lote linalotajwa hapa). Lakini nyuzi za misuli zenyewe zinajikunja na kukamua maji kadiri joto linavyopanda. Ukiharakisha kwa moto mkali unapata nyama kavu ndani ya mchuzi mwingi, jambo linalowashangaza watu kila siku.

Vipimo vya kilo 2.4: jana yake paka chumvi gramu 10 kwa kila kilo ya nyama, funika, weka friji. Chumvi ikipata usiku inaingia ndani, ikitiwa mwishoni inabaki kwenye mchuzi. (Kipande cha mwenye shinikizo kiache bila chumvi, kifunge na uzi ili ukitambue, na umpakulie mchuzi kidogo.) Kausha vipande kwa karatasi, vikaange kwenye vijiko vitatu vya mafuta mpaka viwe vya kahawia nje, vichache kwa zamu. Ukijaza sufuria, maji yanatoka na nyama inachemka badala ya kukaangika. Toa nyama. Kaanga vitunguu gramu 300 mpaka vilainike, tia kitunguu saumu punje 5 na tangawizi gramu 20, kisha nyanya gramu 400 mpaka mafuta yajitenge. Rudisha nyama, ongeza maji mililita 600 hadi 700, yafike nusu ya kimo cha nyama tu. Funika.

Baada ya hapo moto uwe mdogo kiasi kwamba povu mbili tatu tu zinapanda kwa wakati mmoja. Mzee anataka saa moja na dakika 45 hadi saa mbili na nusu, kijana dakika 45 hadi 60. Kipimo kiko kwenye paja: chomeka uma, uzungushe robo mzunguko. Ukizunguka bila kupingwa, na nyama imeanza kurudi nyuma ikiacha ncha ya mfupa wazi, toa. Ukiendelea, nyuzi zinaachana na zinakuwa kama kamba.

Fundi_Presha
Nakubali kuhusu mzee, ila usiiondoe presha mezani. Wazee wasio na meno wanahitaji ulaini wa uhakika, na presha inautoa kwa robo hadi theluthi ya muda. Mapaja ya jike mzee: dakika 35 tangu presha ipande. Kijana: 15 hadi 18, hapo ndipo watu wanapokosea kwa kuacha 30 na kupata uji wenye mifupa. Maji yasipungue mililita 250.

Kosa kubwa ni kuachia mvuke kwa mkupuo. Joto la ndani liko karibu nyuzi 120. Presha ikishuka ghafla, maji yaliyomo ndani ya nyama nayo yanachemka papo hapo na kutoka, nyama inabaki na nyufa na ukavu. Zima moto, subiri dakika 10 hadi 15 presha ishuke yenyewe.

Moto_Mdogo
Kweli, na hilo la kusubiri ndilo linaloamua. Tofauti inayobaki ni mchuzi: kwenye presha maji hayapungui, kwa hiyo unakuwa mwepesi. Toa nyama, chemsha mchuzi bila kifuniko dakika 10, ndipo uirudishe.

Zamu_ya_Jiko
Nimeelewa kuhusu mzee. Huyu kijana je? Na siki? Kuna ushauri wa kumlaza kwenye siki usiku mzima ili kuondoa harufu.

Kisu_Kikali
Siki usiku mzima, hapana. Tindikali inavunja protini za juu, ile nyama ya nje inakuwa kama chokaa iliyolowa, na ikipikwa inamomonyoka huku ndani pakiwa pagumu vilevile. Vijiko viwili kwenye lita moja ya maji, kwa dakika 30 hadi 60, vinatosha kwa anayependa ladha hiyo.

Harufu ina chanzo chake: manyoya yaliyogusa nyama wakati wa kuchuna, mkojo au utumbo uliopasuka, au dume lililokomaa. Manyoya yatoe kwa kitambaa chenye unyevu. Usimwoshe sungura chini ya bomba, maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo. Vizuri umewaacha friji tangu jana, maana sungura anayepikwa saa chache baada ya kuchinjwa, misuli ikiwa bado imekakamaa, ni mgumu hata awe mchanga. Lakini mbichi asipitishe siku mbili humo.

Makaa_Kijivu
Kijana anafaa makaa, mzee kamwe. Mloweke kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, saa 4 hadi 6 ndani ya friji, mkaushe vizuri, mpake mafuta. Nyama haina mafuta yake ya kuyeyuka, kwa hiyo upakaji unarudiwa kila ukigeuza. Subiri makaa yavae majivu. Mkono ukivumilia sekunde 5 au 6 juu ya wavu, joto linafaa. Mapaja dakika 25 hadi 35, ukigeuza kila baada ya dakika 5, mikono ya mbele inatangulia kutoka. Kipimajoto kiingie sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 71, toa. Huo ndio kiwango cha usalama kwa sungura, na kila nyuzi unayoongeza unalipa kwa ukavu.

Akiwa wa porini, makaa yaache. Mwindwa anaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza binadamu, hivyo vaa glavu unapomshika mbichi na mpike mchuzi hadi aive kabisa.

Fundi_Presha
Oveni kwa kijana ni salama zaidi kuliko makaa kama mpishi hana kipimajoto: mapaja na mikono kwenye chombo chenye kifuniko, supu mililita 250, nyuzi 160 kwa dakika 75 hadi 90, kisha funua na upandishe hadi 200 kwa dakika 15 za mwisho. Oveni bila kifuniko tangu mwanzo ni njia mbaya kuliko zote zilizotajwa.

Kukaanga: chemsha taratibu dakika 30 kwenye maji kidogo yenye viungo, kausha kabisa, pitisha kwenye unga, kaanga kwa nyuzi 165 dakika 5 hadi 6. Kipande chenye unyevu kinarusha mafuta na ganda halishiki. Rangi ikija kabla ya dakika 3, mafuta yamezidi moto. Yale maji yatumie kwenye mchuzi wa mzee, usiyamwage.

Lishe_Sahihi
Nyongeza kwa wanaopunguza uzito na kutaka kula sungura mtupu. Nyama ya sungura wa porini ina kalori 114 na protini gramu 22 kwa gramu 100, yaani robo tatu ya nishati yake ni protini. Ini la binadamu lina kikomo cha kugeuza protini kuwa urea. Wasafiri wa kaskazini ya mbali waliokula nyama konda pekee walipata kichefuchefu, kuharisha na uchovu hata walipokula mpaka matumbo yakajaa. Vilhjalmur Stefansson, mpelelezi wa maeneo ya Aktiki, aliandika juu ya hali hiyo. Ukila na wanga, mboga na mafuta kidogo, tatizo hilo halipo.

Kisu_Kikali
Kwa watu kumi, basi, panga hivi. Mapaja, mikono, mbavu na shingo vya mzee viingie kwenye mchuzi, mbavu na shingo zikiwa ndani ya kitambaa kilichofungwa ili vijifupa visisambae. Mapaja na mikono ya kijana yaende oveni. Sarara zote nne zisubiri mpaka watu wamekaa: siagi kijiko kimoja, kikaango cha moto wa kati, dakika 2 hadi 3 kila upande, hakikisha nyuzi 71, zipumzike dakika 5, ndipo uzikate vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi za nyama. Za mzee zipe dakika moja zaidi na uzikate nyembamba kuliko za kijana. Wazee wape mchuzi, ukiwa umeitoa nyama kwenye mfupa kwa vidole, maana kwa vidole unahisi kila kijifupa.

Zamu_ya_Jiko
Na kitakachobaki?

Moto_Mdogo
Friji siku 3 hadi 4, nyama ikiwa imezama ndani ya mchuzi wake. Ipashe humo humo kwa moto mdogo mpaka ichemke. Ya oveni itoe kwenye mfupa kwanza na uimwagie mchuzi vijiko vichache, kwa sababu ikipashwa kavu haifai tena.