Nataka kuosha bembea na slaidi za deikea hapa Mombasa, nianzeje?

MamaRehema_Mikindani:
Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi huosha ofisi, kazi ya usafi naijua, ila sasa nataka kitu changu. Mwanangu mdogo anashinda deikea, kile kituo cha kulea watoto mchana, huku Mikindani. Juzi nilipoenda kumchukua nilipitisha mkono chini ya kishikio cha slaidi, ukatoka na utando mweusi unaonata, makombo ya biskuti na mavi ya kunguru. Watoto wanashika pale, kisha vidole mdomoni. Roho iliniuma. Mwalimu si mvivu, ana watoto wengi na msaidizi mmoja tu, kwa hivyo kazi ile haina mwenyewe. Zamu yangu ya chama inafika mwezi ujao, nawaza kununua mashine ya presha kama ya waosha magari. Je, nianze nayo? Dawa gani haitadhuru watoto? Na bei nipangeje?

BiZuhura_Kisauni:
Waaleikum salaam mwanangu. Nimelea watoto wa watu miaka mingi, kwa hivyo nakwambia kwa mapenzi: hiyo mashine iache kwanza. Maji ya Mombasa unayajua, mfereji ukikauka mwenye kituo ananunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni. Akiona unayamwaga hatakuita tena. Halafu presha inabandua rangi, na mbao inazitoa vibanzi vya kuchoma watoto. Nunua brashi, miswaki ya kuingia kwenye nati, ndoo mbili, glavu na sabuni ya maji.

Kusugua kwa sabuni ndiyo kazi yenyewe. Jik, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ukiimwaga juu ya uchafu imepotea bure. Pakishatakata, chukua Jik ya asilimia 3.5, mililita 300 kwa ndoo ya maji ya lita 10, paka, acha dakika 10, kisha suuza na ukaushe. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo wala siki, ule mvuke ni sumu. Changanya ya siku hiyo hiyo na uende asubuhi mapema, jua la saa sita linaimaliza nguvu.

Na mchanga usiusahau, mwanangu! Paka wa mtaa wanaufanya choo, na mayai ya minyoo hayafi kwa Jik. Mchanga uliochafuka unatolewa, unaletwa mwingine, na kila jioni unafunikwa turubai.

FundiVyuma_Likoni:
Bi Zuhura amesema kweli. Mimi naongeza la chuma. Vituo vingi vinatumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi. Ukimalizia na hayo, minyororo inaota kutu upesi, maana hata upepo wa bahari tayari unaila. Maji ya mwisho yawe matamu, halafu futa kwa kitambaa kikavu. Jik usiipeleke kwenye minyororo. Ukiwa pale tazama kulabu za bembea: ukiona yoyote imelika, piga picha, mwonyeshe mwenye kituo siku hiyo hiyo, na bembea ifungwe juu mtoto asiifikie.

Na yale matairi waliyozika nusu, mara nyingi yanashika maji ya mvua. Mbu wa dengi huzaana humo, na huuma mchana, saa watoto wanacheza. Mji huu ulipata dengi 2013, chikungunya ikaja mwisho wa 2017. Toboa matundu chini maji yatoke. Hiyo pekee itakupa heshima.

Dada_Tudor:
Bei usiitaje kwa simu, dadangu. Nenda ukaone ukubwa wa uwanja na maji yanatoka wapi. Mimi naosha mazulia, na wateja wangu wanalipa kwa mwezi, maji yakiwa juu yao. Anza kwa kuosha slaidi moja bila malipo, mwalimu akiwa amesimama hapo, aone maji yanavyotoka meusi. Fanya Jumamosi au likizo za Aprili, Agosti na Desemba, watoto hawapo. Jina la biashara sajili eCitizen, ile tovuti ya serikali, kisha uchukue kibali cha kaunti, vituo vikubwa vya Nyali watakiuliza.

MamaRehema_Mikindani:
Mungu awalipe nyote. Mashine naiacha basi, naweka pesa ya brashi na turubai. Jumatatu nikimpeleka mtoto nitamuuliza mwalimu tangi lao ni la mfereji au la kisima, na kama Jumamosi naweza kuingia. Fundi, yale matairi yatobolewa kwa msumari wa moto au lazima drili?

FundiVyuma_Likoni:
Drili, dada. Mengi yana nyaya ndani, msumari hautapita.