Mrejesho: bembea ya kupigia picha studio

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza namna ya kufunga bembea studio bila kumhatarisha mteja. Asanteni sana, imefungwa na inatumika.

Niliachana na dari ya jipsamu kama mlivyosisitiza. Fundi aliikagua boriti yenyewe, akaitoboa na kupitisha boliti zenye pete hadi upande wa pili, akakaza kwa nati na washa pana (vibati vya duara vyenye tundu). Aliyesema mtu wa kilo 70 akibembea hadi kamba ilale usawa, anapopita chini anaweza kuvuta mara 3 ya uzito wake alinifumbua macho. Nilining'iniza mifuko ya mchanga ya kilo 210 usiku kucha. Boriti haikutikisika.

Kamba ya nailoni ndiyo iliyonisumbua. Asubuhi ubao wa kukalia ulikuwa umeshuka vidole vinne na kuinama upande mmoja. Nimeweka ya poliesta, haivutiki ovyo.

Bado ubao hujizungusha nikitaka mteja atulie, hilo sijalimaliza. Kwa sasa msaidizi anaushika kwa nyuma, na mtoto hapandi mpaka mzazi awe karibu kiasi cha kumdaka.