Mrejesho: Kwa nini mashine ya PET ya ubongo iwe na duara dogo?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini wahandisi wahangaike na mashine ya PET (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kufuatilia dawa yenye mionzi) ya kichwa pekee, yenye duara dogo la vigunduzi, ilhali ya mwili mzima ipo, nanyi mkanishauri nichore na kupiga hesabu; nakushukuruni sana.

Positroni, chembe yenye chaji chanya itokayo kwenye dawa hiyo, ikikutana na elektroni, huzaliwa miale miwili ya gama inayokwenda pande zinazokabiliana, lakini kwa kuwa chembe hizo hazikuwa zimetulia kabisa, miale hupotoka kidogo kutoka kwenye mstari mmoja. Nilipochora ubaoni, darasani kwetu Wete, duara la kipenyo cha sentimita 80, ukungu wa picha utokanao na upotofu huo pekee ulikaribia milimita 1.8, kwa sentimita 30 ulishuka hadi 0.7 hivi.

Duara dogo, hata hivyo, lina gharama yake, na hapa ndipo penye uzito: mwale unaotoka pembeni mwa ubongo huingia kwenye kristali (kipande cha kigunduzi kinachonasa miale) kwa mshazari na kupenya hadi ya jirani, hivyo kompyuta hukosea njia yake, isipokuwa kigunduzi kitambue pia ni kina gani uliponaswa. Ndiyo maana HRRT, mashine ya PET ya ubongo, ilipangwa kristali tabaka mbili, ukungu wake ukafikia takriban milimita 2.5, na NeuroEXPLORER, mashine mpya zaidi ya Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wa California imeshuka chini ya 2. Kwa viini vidogo vya ubongo wa kati, ambamo seli hufa kwa maradhi ya Parkinson, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Sasa tunaendelea na mwendo wa positroni yenyewe kabla ya kukutana na elektroni, kwani ukungu huo hauondoki kwa kupunguza duara.