Dell Inspiron 1545 yenye RAM GB 2: Windows 10 inaganda, ipigwe mfumo gani mwepesi?

stesheni_ndogo aliandika:

Habari za kazi wakuu. Kuna laptopu ya Dell Inspiron 1545, prosesa ni Pentium T4200, RAM GB 2, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 250. Imepigwa Windows 10 ya biti 32. Ukiiwasha, taa ya diski inawaka mfululizo karibu dakika kumi, na ukifungua Chrome tabo tatu tu, kipanya kinaganda. Kazi zake ni kuchapa barua na CV za wateja, kuprinti kwa HP LaserJet P1102, kujaza fomu mtandaoni, na YouTube mara moja moja. Intaneti ni bando la simu, hakuna waya wa mtandao wala ruta.

Nataka Windows itoke kabisa, sitaki mifumo miwili. Je, nichukue Linux ya biti 32 kwa kuwa Windows iliyomo ni ya 32? Wi-Fi na printa vitakubali? Na ni ipi kati ya hizo nyepesi inayofaa mashine hii?

mzee_wa_diski alijibu:

Mkuu, T4200 ni prosesa ya biti 64. Aliyepiga Windows alichagua tu ya 32, labda kwa kuogopa hiyo RAM. Usimfuate. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Mozilla wameacha kutoa Firefox ya biti 32 kwa Linux kuanzia toleo la 145. Ukichukua 32 leo unajifungia mlango mwenyewe. Hiyo ibaki kwa mashine zisizo na njia nyingine, kama zile netbuku za Atom N270.

Sasa uzito wenyewe uko wapi? Taa ya diski isiyozimika maana yake RAM imejaa na mfumo unahamishia mambo kwenye diski ya kuzunguka. Linux itapunguza hilo, haitaliondoa. Kabla ya kubishana ipi nyepesi, fungua mashine kwa nyuma. Ina nafasi mbili za RAM, DDR2 SO-DIMM ya pini 200, 800 MHz (kwenye lebo huandikwa PC2-6400), na Dell wanaipa kikomo cha GB 4, yaani mbili mbili. Dukani usikubali kupewa DDR3, ile ina pini 204 na mkato wake uko mahali pengine. Haiingii, na ukilazimisha utavunja soketi. Diski inashikwa na skrubu mbili chini, unaivuta kwa pembeni. SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) yoyote ya inchi 2.5 ya SATA inaingia. Usilipie ya kasi kubwa, mashine hii ni SATA ya pili na kasi ya ziada utaiacha mezani. GB 120 inatosha.

Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, nunua SSD kwanza.

Kama diski ya zamani inabaki, ipime ukiwa bado ndani ya Windows, kwa CrystalDiskInfo. Angalia mistari ya Reallocated Sectors na Current Pending Sector. Huo wa pili usipokuwa sifuri, diski inaelekea kufa, na usakinishaji utakwama katikati ukidhani kosa ni la Linux.

Mfumo: ningepiga Debian 13, ambayo ni Linux, na eneo-kazi (madirisha na menyu) jepesi la LXQt. Ikiwaka bila kufungua kitu hula RAM kama nusu GB hivi. Chukua faili la netinst la amd64 (yaani la biti 64, hata kama prosesa ni Intel), halifiki GB 1, halafu vingine linavuta lenyewe mtandaoni wakati wa kusakinisha. Jipange na bando la kutosha, maana eneo-kazi na LibreOffice ni zaidi ya GB 1 kushusha.

Faili likishashuka, lihakiki. Kwenye CMD ya Windows:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

(weka jina halisi la faili), kisha linganisha na namba iliyo kwenye faili la SHA256SUMS mahali pale pale ulikopakua. Bando la simu likikatika katikati, faili linaweza kuonekana limekamilika kumbe limepungua. Andika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ikikuuliza ISO au DD, chagua DD. Baada ya hapo Windows itaiona flashi kama imeharibika au imekuwa ndogo. Haijafa, utairudisha baadaye kwa Rufus hiyo hiyo ukichagua Non bootable.

Hamisha mafaili yako yote nje, pamoja na nywila zilizohifadhiwa ndani ya Chrome, hizo watu huzisahau. Kisha zima, washa huku unagonga F12, chagua USB.

terminal_ya_pwani alijibu:

Nakubaliana na mzee hapo juu, ila kuna mitego ya kisakinishi cha Debian hakuigusa, na yote huwapata wageni.

Wa kwanza ni intaneti. Wi-Fi ya 1545 mara nyingi ni kadi ya Dell 1397, ndani yake chipu ya Broadcom BCM4312. Firmware yake (programu ndogo inayoiendesha chipu) haimo kwenye flashi ya Debian, hata ile firmware isiyo huria iliyokuja pamoja na kisakinishi haiijumuishi hii, kwa sababu leseni hairuhusu kuisambaza. Kwa hiyo wakati wa kusakinisha Wi-Fi haitakuwepo. Usihangaike nayo. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na fanya hivyo KABLA kisakinishi hakijafika hatua ya kutafuta vifaa vya mtandao. Simu itaonekana kama kadi ya waya, kwa kawaida jina lake usb0 au linaloanza na enx. Ukichelewa, rudi nyuma hatua moja kwenye menyu, itaitafuta tena. Usiguse waya hadi mwisho.

Wa pili: nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kisakinishi kitaiomba. Iache TUPU, bonyeza kuendelea mara mbili. Ukiiacha tupu, mtumiaji wako anapewa sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri za usimamizi. Ukiijaza, hapewi.

Wa tatu: orodha ya vifurushi karibu na mwisho. GNOME, eneo-kazi zito, huwa imetiwa tiki tayari. Iondoe, weka tiki kwenye LXQt. Ukipita haraka utajikuta na GNOME kwenye RAM ya GB 2, halafu urudi hapa kusema Linux ni nzito kuliko Windows.

Wa nne ndio unaoumiza zaidi. Mwishoni utaulizwa GRUB (programu inayouwasha mfumo) iandikwe wapi. Kwenye mashine za BIOS kama hii, wakati mwingine flashi ndiyo inayohesabiwa kuwa sda (diski ya kwanza) na diski ya ndani sdb (ya pili). Ukichagua bila kusoma, GRUB inakaa kwenye flashi, na laptopu itawaka flashi ikiwa imechomekwa tu. Pembeni ya kila jina kuna modeli ya diski. Chagua kwa modeli na ukubwa, usichague kwa herufi.

Mfumo ukishawaka (simu bado iko kwenye waya), thibitisha chipu:

lspci -nn | grep -i network

Ukiona 14e4:4315, ndiyo yenyewe. Fungua /etc/apt/sources.list, na kwenye kila mstari unaoanza na deb ongeza neno contrib baada ya main. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-lpphy-installer
sudo modprobe -r b43 && sudo modprobe b43

Mtandaoni utakuta wengine wanakwambia sakinisha broadcom-sta-dkms. Hiyo ni draiva nyingine kabisa, na ikiingia huifungia b43 (draiva tunayoitumia hapa) isipakiwe. Vyote viwili pamoja ni kukosa Wi-Fi. Kwa namba hiyo ya 4315, b43 inatosha, nayo haihitaji kujengwa upya kila kerneli (kiini cha Linux) inapobadilika.

kipanya_bovu alijibu:

Mimi ningesema antiX, Linux nyingine nyepesi, na si Debian tupu. Inakuja na IceWM (madirisha mepesi sana), haina systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), na ikiwaka hula RAM kama nusu ya anachokula LXQt. Inaendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa hiyo mtu anajaribu sauti, kioo na printa kabla hajafuta chochote. Kwa GB 2 na diski ya kuzunguka, hiyo nusu ina maana.

mzee_wa_diski alijibu:

Kipanya, hoja ya kujaribu kwenye flashi naiunga mkono asilimia mia. Hiyo ya RAM naipinga kidogo. Unaokoa MB 200 au 250 hivi, halafu tabo moja ya tovuti ya fomu inazimeza zote. Kwenye kompyuta ya kizamani mwenye njaa ni kivinjari. Na mtu anayechapa CV za wateja anahitaji eneo-kazi ambalo msaidizi wake atalizoea siku moja. IceWM ni nzuri, ila printa na Wi-Fi utazitafuta kwenye menyu nyingi.

Stesheni, ukishamaliza weka zram, yaani sehemu ya RAM inayobana data badala ya kuitupa kwenye diski:

sudo apt install zram-tools

Fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=lz4 na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Watu husifia njia ya zstd kwa kubana zaidi, lakini T4200 itaisikia kwenye prosesa. Lz4 ni nyepesi kwake.

Jambo lingine la Debian 13: /tmp sasa inakaa kwenye RAM, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Programu ikimwaga faili kubwa huko, RAM inakwisha bila wewe kuelewa. Kwa GB 2 irudishe kwenye diski: sudo systemctl mask tmp.mount, kisha washa upya.

YouTube: grafiki ya GMA 4500 ya mashine hii haifahamu VP9 wala AV1 (miundo ya video ya YouTube), kwa hiyo kila kitu kinaelemea prosesa. Weka kiongezo cha h264ify kwenye Firefox, kinachoifanya YouTube itume muundo mwepesi wa H.264, na usipite 480p. Weka na uBlock Origin, kizuia matangazo. Matangazo ya video kwenye RAM ya GB 2 ni mzigo wa punda.

mchapaji_wa_zamu alijibu:

Printa hajaijibu mtu. P1102 inahitaji kiongezo cha HP kisicho huria, bila hicho itaonekana kwenye orodha, itapokea kazi, na karatasi haitoki. Fanya hivi ukiwa na intaneti:

sudo apt install hplip
hp-setup -i

Itakuuliza kuhusu kupakua plugin, kubali. Kila hplip (programu ya printa za HP) inapopandishwa toleo, kiongezo nacho lazima kifanane nalo. Printa ikigoma ghafla baada ya kusasisha mfumo, endesha hp-plugin kabla ya kulaumu waya. Wenye Epson L3110 wao wanahitaji printer-driver-escpr tu. Wenye Canon LBP2900, kazi ipo: inatumia CAPT, lugha ya kuchapia ya Canon wenyewe, nayo kwenye Linux ni usumbufu mtupu.

Halafu fonti, maana ndizo zitakugombanisha na wateja. CV iliyoandikwa kwa Calibri ukiifungua LibreOffice, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari mitatu. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Carlito ina upana wa herufi sawasawa na Calibri, na Caladea sawasawa na Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Times New Roman na Arial zinabebwa na Liberation, ambazo huja na LibreOffice. Anayekuja kuprinti tu, mwambie alete PDF.

stesheni_ndogo aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nimeweka SSD ya GB 120, RAM bado. Debian 13 imeingia, LXQt inawaka vizuri. Ila mambo mawili yamenikwamisha. Niliweka nywila ya root kabla sijausoma ule mtego wa pili vizuri, sasa kila sudo inasema mtumiaji hayumo kwenye sudoers. Na nikiingia kama root nikaandika apt update, inaleta: Release file is not valid yet, kisha idadi kubwa ya siku. Firefox nayo inakataa tovuti zote, inasema muunganisho si salama. Simu yenyewe inafungua kila kitu.

terminal_ya_pwani alijibu:

Hilo la pili ni saa. Angalia tarehe kwa kuandika date, nina hakika iko nyuma. Betri ndogo ya ubao mama imekufa, mashine ikikaa bila umeme inasahau tarehe, na vyeti vya tovuti pamoja na hifadhi za Debian vinaonekana kama vimetoka siku zijazo. Ukiwa root:

date -s "2026-02-10 14:30"
hwclock -w

(weka tarehe na saa ya leo). Kisha apt update itapita. Betri ni CR2032, lakini usitoke dukani na ile ya kawaida kabla hujafungua na kuona, maana laptopu nyingi betri hiyo ina waya na plagi ndogo. Wakati unasubiri kuibadilisha, hakikisha huduma ya systemd-timesyncd inaendeshwa, itairekebisha saa kila intaneti inapopatikana.

Sudo: andika su - kwa kistari, si su peke yake. Bila kistari, amri za usimamizi hazionekani na utaambiwa adduser haipo. Halafu:

adduser jinalako sudo

Toka kabisa kwenye akaunti, ingia tena. Kufunga dirisha la terminal tu hakutoshi, kundi jipya linasomwa wakati wa kuingia.

stesheni_ndogo aliandika:

date ilikuwa nyuma kweli. Nimerekebisha, apt imepita, lspci inaonyesha 14e4:4315 na Wi-Fi inaona hotspoti ya simu. Printa imetoa karatasi ya kwanza baada ya plugin. Nikipata RAM, zram niiondoe au niiache?

mzee_wa_diski alijibu:

Iache. Kwa GB 4 haitakudhuru, na siku mteja akifungua PDF ya kurasa mia mbili zilizoskaniwa utaihitaji. Ila hakikisha fstrim (inayoiambia SSD nafasi zipi ziko wazi) inafanya kazi kwa ajili ya hiyo SSD: systemctl status fstrim.timer. Ikisema inactive, basi sudo systemctl enable --now fstrim.timer.