MJADALA: Wiki nne za mwanzo zinatosha kumpima mchezaji wa FPL?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kila Agosti ni yale yale. Wiki ya kwanza haijaisha, kundi la WhatsApp la ligi yetu linawaka moto: "uza huyo", "huyu wa milioni 6 ulimkosaje?", "nahodha gani huyu ananipa pointi mbili?" Ikifika wiki ya tatu, watu wameshachoma waildikadi (ile nafasi ya kubadili kikosi kizima bure), wengine wamekatwa pointi kwa kukimbiza mabao ambayo yameshafungwa na hayatafungwa tena. Naomba tulijadili bila matusi: mechi tatu au nne za mwanzo zinatuambia nini hasa kuhusu mchezaji?

Kwa ambaye hachezi, Fantasy Premier League (FPL) ni mchezo wa mtandaoni wa Ligi Kuu ya England: unapewa pauni milioni 100 za kufikirika. Unanunua wachezaji 15 wa ligi hiyo, wasizidi watatu wa klabu moja, na wanachofanya uwanjani ndicho kinachokupa pointi. Kila wiki unapewa badiliko moja la bure, usipolitumia unajiwekea akiba, na ukizidisha unakatwa pointi 4 kwa kila jina. Pointi 4 ndizo anazopata mshambuliaji akifunga bao. Kwa hiyo ukimtoa mtu kwa hasira Jumapili usiku, aliyeingia lazima akufungie bao moja ndipo mrudi sifuri.

Msimamo wangu nauweka wazi. Pointi za Agosti hazinishughulishi sana. Ninachokitazama ni kazi aliyopewa mchezaji: anaanza au anatokea benchi? Anamaliza, au kocha anamtoa dakika ya 58 kabla hajafikisha zile 60 za pointi mbili? Penalti zikija mpira anashika nani? Anasimama karibu na lango au anasaidia mabeki? Hayo unayaona ndani ya mechi mbili, na mara nyingi hayageuki hovyo. Bao linaweza kuja kwa mpira uliogonga mgongo wa beki.

Mifano ipo. Msimu wa 2019/20 Teemu Pukki wa Norwich alifunga kule Anfield kwa Liverpool siku ya ufunguzi, akapiga hat-trick dhidi ya Newcastle, akawafunga Chelsea, kisha Manchester City. Mabao 6 katika mechi 5, na mchezaji bora wa Agosti akawa yeye. Bei yake ilianza pauni milioni 6.5, ikawa kila timu ina Pukki. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 11 na Norwich wameburuza mkia. Ligi iliporudi kutoka mapumziko ya korona hakufunga hata moja.

Miaka miwili baadaye akaja Michail Antonio wa West Ham, mabao 4 katika mechi 3 za kwanza. Dunia nzima ikamkimbilia. Wiki ya nne akalimwa kadi nyekundu kule Southampton. Msimu mzima alimaliza na mabao 10.

Sasa geuza upande wa pili. Harry Kane wa Tottenham, Agosti 2017, mechi tatu bila bao, na wenye meme wakapata kazi. Lakini ukiangalia mechi zenyewe alikuwa anapiga mashuti kibao, dhidi ya Chelsea akagonga nguzo. Kazi yake ilikuwa ile ile. Septemba akaanza na mawili kwa Everton, na msimu ule alifikisha mabao 30. Aliyemuuza Agosti ili apate hela za kununua wawili wa bei rahisi, kilichompata tunakijua.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni John Lundstram wa Sheffield United, msimu ule ule wa Pukki. Mchezo ulimwandika beki, bei 4.0, bei ya mtu wa kukaa benchi. Siku ya kwanza uwanjani akaonekana anacheza kiungo, tena kiungo wa kupanda. Elewa maana yake: akifunga analipwa pointi 6 za beki, timu isipofungwa analipwa 4 za beki, na yeye wala si beki. Hukuhitaji kusubiri afunge. Novemba dhidi ya Burnley, Sheffield walishinda 3-0 na yeye akafunga mawili: 12 za mabao, 4 za kutoruhusu bao, 2 za dakika, 3 za bonasi, jumla 21. Kwa bei ya 4.0! Januari klabu ikamsajili Sander Berge katika nafasi ile ile, Lundstram akaanza kupotea kikosini. Kazi ilikuja, kazi ikaondoka, na vyote vilionekana kwa macho kabla ya pointi kusema.

Karibuni.

*

Mchangiaji wa Mwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokubeba. Nikuletee wangu.

Riyad Mahrez, 2015/16, Leicester. Bei 5.5. Mechi ya kwanza mabao mawili kwa Sunderland, ya pili bao kwa West Ham, ya tatu bao kwa Tottenham. Wazee wa "tusubiri tuone" walisema Leicester hawa wataporomoka tu. Alimaliza na mabao 17 na kombe la ligi. Mwaka ule aliyerukia treni wiki ya kwanza alikula raha, aliyesubiri ushahidi alipanda kwa bei ya juu.

Na hili la bei umelikwepa. Mchezaji akinunuliwa na wengi anapanda usiku wewe umelala. Tena ukiuza hurudishiwi faida yote, unapewa nusu na inakatwa kwenda chini: ulimchukua 6.5, amefika 6.8, mfukoni inaingia 6.6. Kwa hiyo anayechelewa analipa mara mbili, pointi alizozikosa na bei iliyopanda. Watu wenye timu ya thamani ya milioni 104 Desemba hawakuipata kwa subira.

Halafu huyo Antonio unayemcheka. Waliokuwa naye wiki ya kwanza walivuna mabao 4 na asisti juu. Hizo pointi hazikurudishwa kwa sababu Machi alikuwa hafungi. Kosa lilikuwa kung'ang'ania, kumnunua hakukuwa kosa.

Swali la mwisho, na hili nataka jibu. Kwa kipimo chako cha kazi, Pukki alifeli wapi? Alianza kila mechi. Straika pekee. Penalti zake. Mechi tano za kwanza angepita mtihani wako kwa alama zote.

*

Mchangiaji wa Mombasa:

Ndugu zangu mnabishana kana kwamba sote twacheza ligi moja. Sisi huku tumechanga pesa, kuna zawadi ya mwezi na zawadi ya mwisho wa msimu. Mwenye kutaka hela ya Agosti anamtaka Antonio, tena leo, hana haja na Mei. Mwenye macho ya Mei ndiye wa kukaa na Kane. Mkiulizana fulani ni mzuri ama si mzuri, semeni kwanza mnamtaka hadi lini.

Jengine: mambo mengi ya Agosti ni ratiba. Timu imekutana na wawili waliopanda daraja mfululizo, haijafungwa bao, basi mabeki wake wote wamekuwa wafalme. Tazama wanacheza na nani wiki ya tano na ya sita kabla hujabonyeza.

*

Mchangiaji mwingine, Dodoma:

Kaka zangu, straika, straika, straika. Hakuna aliyegusa mabeki, na hapo ndipo mwanzo wa msimu unapoaminika zaidi.

Tangu msimu wa 2025/26 kuna pointi 2 za kazi ya ulinzi. Beki akifikisha matendo 10 ya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, anazipata. Viungo na washambuliaji wanatakiwa 12, na wao wanahesabiwa hata mipira iliyookotwa. Sasa beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote, ambaye mechi tatu za kwanza amepata 11, 9, 13, huyo wiki ya nne hatashuka hadi matendo 2. Kazi yake haitegemei bahati kama bao. Anaweza kufungwa mabao matatu na bado akatoka na kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mada: kwa beki wa aina hiyo wiki nne zinatosha kabisa. Kwa winga anayeishi kwa bao la wiki mbili mara moja, hata wiki nane hazitoshi. Msiwapime wote kwa rula moja.

*

Mleta mada:

Dada wa Dodoma, hilo la mabeki nalipokea lote, na naona linaunga mkono hoja ya kazi kuliko hata mifano yangu.

Mkuu wa Mwanza, Mahrez simkatai, lakini tazama alivyofunga. Moja kati ya yale mawili ya Sunderland lilikuwa penalti. Siku ya kwanza tu tulijua mpigaji ni nani, na kwa 5.5 mpigaji penalti anayeanza kila wiki ni zawadi, afunge asifunge. Hukuhitaji kutabiri ubingwa ili umnunue. Ni kama Cole Palmer 2023/24. Agosti alikuwa benchi la Manchester City kwa bei ya 5.0, hakuna wa kumpima. Septemba mosi akahamia Chelsea, Oktoba akapewa penalti kule Burnley, akafunga. Alimaliza na mabao 22, penalti 9. Siku aliyokabidhiwa mpira ule ndiyo ilikuwa siku ya kumnunua, si wiki tano baadaye alipokuwa gumzo.

Hoja ya bei naiona kubwa kuliko ilivyo. Sehemu ya kumi mbili au tatu za milioni hazijawahi kunizuia kumpata mtu niliyemhitaji, lakini pointi 4 za kukatwa nazilipa pale pale.

Pukki sasa. Ni kweli, angepita. Ninachoongeza ni kwamba kazi ya mchezaji imo ndani ya kazi ya timu. Mechi zile tano Norwich walifunga lakini wenyewe walipigwa mabao 12. Timu inayovuja hivyo itaishia kurudi nyuma, na straika atabaki peke yake anapunga mikono. Hata Erling Haaland wa City yalimkuta 2024/25: mabao 10 katika mechi 5, tena kwa bei ya 15.0, watu wakaanza kuhesabu rekodi. Septemba ile ile Rodri, kiungo wao, akaumia goti, City ikayumba, naye akamaliza na 22. Yeye hakuwa amebadilika kitu.

*

Mchangiaji wa Mwanza:

Sawa, kwa hiyo sasa tunapima mchezaji, tunapima timu, tunapima na goti la Rodri. Orodha yako inarefuka kila ukibanwa, mkuu.

Nakuongezea mmoja: Chris Wood, Nottingham Forest, msimu huo huo wa Haaland. Bei 6.0, umri karibu miaka 33, na wale wa takwimu za xG (mabao yanayotarajiwa kutokana na ubora wa nafasi) walikuwa wanasema anafunga kuliko nafasi anazopata, uza kabla hajakauka. Walisema Septemba, wakasema Novemba, wakasema Januari. Alifunga 20.

*

Mleta mada:

Wood alianza karibu kila mechi na penalti zilikuwa zake. Mimi ningekaa naye. Waliomuuza walikuwa wanasoma xG, hawakuwa wanasoma kazi. Hapo tuko upande mmoja, wewe hutaki tu kukubali.

*

Mchangiaji wa Mombasa:

Kesho ni Jumamosi, mechi ya mapema, mlango wafungwa saa saba mchana. Mimi nina badiliko moja la bure, straika ana mabao matatu kwa mechi tatu, yote dhidi ya timu zilizopanda daraja, na mbili zinazofuata ni ugenini Arsenal na nyumbani City. Mwanza yuasema nini, na mleta mada yuasema nini? Neno moja tu: nimnunue ama nimwache.